Nembo ya Kuwashia Kompyuta: Maswali Yenu

Skuli yetu ina ThinkPad sita. Vipi nembo yetu itokee zinapowashwa? (Mwalimu, Wete)

Mwalimu, nyingi katika hizo zinaruhusu. Pakua kwa Lenovo, watengenezaji wake, kifurushi cha BIOS (programu ndogo ya ndani ya chipu inayoiamsha kompyuta) cha modeli yako hasa, tia ndani ya folda yake picha uliyoiita LOGO, kisha endesha sasisho. Picha iwe nyepesi. Kikomo chake kimeandikwa kwenye maelezo ya kifurushi, yasome. Lakini nembo hiyo huingia pale BIOS inapoandikwa upya, na umeme ukikatika katikati, mashine huenda isiwake tena. Betri ijae na chaja iwe ukutani. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) usiiguse kabisa. Sisi Zanzibar umeme wetu unapita chini ya bahari, na aliyekuwepo Unguja ulipokatika, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kuelezwa giza.

Nimerushiwa faili la BIOS kwenye kundi la WhatsApp, la mashine inayofanana na yangu. Nilitie? (Mkoani)

Usilitie. Kufanana si kuwa moja. Kila wiki naulizwa hili, na kila wiki naletewa mashine iliyokufa.

Picha tu inaweza kudhuru kompyuta? (Bi mwenye duka, Mlandege)

Inaweza, Bi. Disemba 2023 watafiti wa Binarly, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kasoro walizoziita LogoFAIL, zilizomo kwenye BIOS zinazotokana na AMI, Insyde na Phoenix, makampuni yanayoziandika. Picha iliyotengenezwa kwa hila huendesha amri zake kabla ya Windows kuamka, kwa hiyo programu ya kuzuia virusi haioni kitu, na hata ukibadilisha diski, ubaya unaweza kubaki ndani ya chipu. Dawa ni sasisho la BIOS la mtengenezaji. Lifanye hata kama nembo huitaki. Na fundi asiyejua LogoFAIL ni nini asiibadilishe nembo ya mashine yenye hesabu za duka lako.

Nimezima Secure Boot nitumie HackBGRT, programu ya kubadilisha nembo ya kuwashia, sasa nadaiwa ufunguo wa tarakimu 48! (Mwanafunzi, Chake Chake)

Mwanangu, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski. Ufunguo utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, au irudishe Secure Boot kama ilivyokuwa uwashe tena. Ufunguo huandikwa karatasini kabla ya kugusa chochote. HackBGRT yenyewe haiandiki BIOS upya, ila Secure Boot, kinga uliyoizima, ndiyo inayozuia programu za wavamizi zinazojipenyeza kabla ya Windows kuamka. Picha haina thamani hiyo.

Natumia Ubuntu, si Windows. Nembo niibadilishe vipi? (Mwanakwerekwe)

Badilisha mandhari ya Plymouth, programu inayoonyesha picha Ubuntu inapoamka. BIOS haiguswi, na usipoipenda unarudisha ya zamani.