Wageni wa boti kutoka Burundi na hofu ya kipindupindu

SWALI: Shikamoo daktari. Hapa Kibirizi nimepokea ndugu wa mume wangu, watu saba, wametoka Burundi kwa boti. Majirani wanasema nimewaletea kipindupindu mtaani, niwaondoe. Je, ni kweli? Na mmoja akianza kuharisha usiku nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Usiwaondoe. Kipindupindu hakichagui mgeni wala mwenyeji. Mtu hukipata kwa kunywa au kula kilichoingiwa na kinyesi chenye vimelea. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mkoani Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, vyoo havitoshi na maji yanachotwa palepale. Zaidi ya watu 3,000 waliripotiwa kuugua, zaidi ya 30 wakafariki, na wenyeji walikuwamo.

Kwa hiyo shughulika na ndoo kwanza. Maji ya ziwa, hata yaking'aa, yachemke kwa nguvu dakika moja nzima. Kuni zikiwa ghali, tumia vidonge vya klorini, ila soma pakiti: kidonge cha lita 20 si cha ndoo ya lita 10. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hula nguvu ya dawa. Koroga, funika, subiri dakika 30. Kiharufu cha dawa kisiwatishe. Nyumba yenye watu wengi huharibikiwa kwenye kikombe: kila mmoja akichovya na vidole vyake, mmetibu maji bure. Tafuta ndoo yenye koki, au kata ya mpini mrefu inayotundikwa. Na sabuni ikae mlangoni mwa choo, si chumbani kwako.

Sasa usiku. Choo cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, kinachotoka kwa wingi, kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache. Mnyweshe ORS mara moja, yaani unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji salama kurudisha maji mwilini. Pakiti moja ni ya lita moja nzima; ukiimimina kwenye glasi inakuwa chumvi kali inayomdhuru. Huna pakiti? Lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Akitapika, pumzika dakika 10, kisha endelea kidogokidogo kwa kijiko. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo huku akinywa njiani. Mtoto mchanga asiachishwe ziwa la mama.

Wageni wengi huchelewa kwa kuogopa kuulizwa vibali. Msindikize wewe mwenyewe, useme mapema kwamba anaharisha.

SWALI: Je, nimpe vidonge vya kufunga tumbo?

JIBU: Hapana. Vinazuia uchafu ndani wakati mwili unaendelea kupoteza maji. Kinachookoa ni maji yale ya ORS, na dripu kwa aliyelegea asiyeweza kunywa.