Kujieleza kwenye usaili: ni kujisifu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Natafuta kazi kwa muda mrefu. Kwenye usaili wa mwisho niliulizwa naweza kufanya nini, nikajibu, "Najaribu tu, inshaallah," maana nimelelewa kwamba kujisifu ni kibri. Kazi akapewa mwenzangu ambaye najua wasifu wake umetiwa chumvi. Sasa rafiki zangu wananishauri nami niongeze. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akufungulie mlango wa riziki.

Aya inayokutia hofu bila shaka ni ile ya Surat An-Najm (53:32), inayotukataza kuzitakasa nafsi zetu. Linalokatazwa pale ni mtu kujipigia muhuri wa uchamungu. Kujua kutunza hesabu si uchamungu, ni ujuzi, na anayetaka kukuajiri ana haki ya kuufahamu. Tena hiyo "inshaallah" yako umeiweka pasipo pake. Ni ya jambo lijalo. Wewe uliulizwa lililopo, nawe ukaifanya pazia.

Mtazame Nabii Yusuf (12:55). Alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kwa sifa mbili tu: mlinzi, mjuzi. Hakutaja kwamba ni mwana wa Yaaqub na kitukuu cha Ibrahim, wala uzuri wa sura yake. Alitaja yale ambayo ghala lingeyahitaji miaka saba ya ukame: mtu asiyeiba, anayejua kuweka na kutoa. Na kabla ya hapo alikataa kutoka gerezani mpaka tuhuma dhidi yake ichunguzwe (12:50). Kwa hiyo alipojiita mlinzi, neno lilikuwa na ushahidi nyuma yake.

Utaletewa hadithi ya Abdurrahman bin Samura, aliyekatazwa na Mtume (s.a.w.) kuomba uongozi. Ni sahihi, lakini wanachuoni wengi wanaielekeza kwa anayekimbilia ukubwa au asiyeuweza. Sahaba mwingine, Uthman bin Abil-As, alimwomba Mtume awe imamu wa watu wake, akakubaliwa.

Ama ushauri wa rafiki zako, hapana. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume kama ana kosa kumwonyesha mke mwenzake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kwamba anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Wameipokea Bukhari na Muslim. Wasifu uliotiwa chumvi ni nguo hiyohiyo, na aliyekosa nafasi kwa sababu yake amedhulumiwa. Wewe umeonja uchungu wake, usimwonjeshe mwingine.

Chukua mfano wa mtu anayeandika "niliongoza mradi" ilhali walikuwa watano na kiongozi ni mwingine. Angeandika: "Nilikuwa mmoja wa watano. Nilishika takwimu, na kwa miezi minane ripoti yangu haikuchelewa hata mara moja." Kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayomshawishi msaili, kwa sababu akiichimba haiporomoki.

Kwa hiyo kabla ya usaili ujao, kaa uandike mambo matatu unayoyaweza kweli, yanayohusu kazi hiyo, na kila moja uliwahi kulifanya wapi. Yaseme kwa sauti bila kuinamisha kichwa. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Na kama umeshaanza kuwasikiliza rafiki zako na kuna wasifu ulioongezwa chumvi mikononi mwa mtu, mpelekee uliosahihishwa kabla hajakuita.