Kabla hujanunua GPS ya mkononi, uliza inakula betri gani

Siku ya pili ya kupanda Mlima Elgon, upande wa Uganda, kwa njia ya Sasa, simu yangu ilizima. Tulikuwa kambi ya Mude Cave, takriban mita 3,500, baridi inachoma vidole, na chaji niliyoijaza Budadiri, mji tulikoanzia, ilikuwa imekwisha. Kiongozi wetu akacheka: "Kaka, huku juu simu ni tochi tu, nayo haidumu." Ramani zangu zote zilikuwa humo.

Niliporudi Mbale nikanunua GPS, kifaa kinachokuonyesha ulipo kwa kutumia setilaiti, nikakosea tena. Nilichukua yenye skrini kubwa ya kugusa kwa sababu ilipendeza machoni. Mvua ya Rwenzori ikanitia adabu: matone yakawa yanabonyeza skrini yenyewe, ramani inakimbia huku na huku, na mimi na glavu zangu hatukufua dafu. Betri yake ilikuwa ya ndani, ya kuchaji kwa waya. Utachomeka wapi kule?

Sasa natumia Garmin eTrex 32x. Ina vitufe, skrini yake ni ndogo na sura yake haivutii. Inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo hata kiduka cha kijijini hukosi. Mtengenezaji anaihesabia saa 25. Kwenye baridi beba za lithiamu, maana za alkalini hulegea upesi, na za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Ndugu yake, 22x, ni nafuu, lakini haina dira ya elektroniki. Maana yake, inajua umeelekea wapi ukiwa unatembea tu. Ukisimama kwenye ukungu ili ujiulize uende kushoto au kulia, mshale hauna msaada, na hapo ndipo unapouhitaji. Mimi naona nyongeza ile ya bei ni halali.

Kuna na hizi mpya zinazopokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti badala ya moja. Kwa msitu mnene kama Bwindi, au mabonde ambako mawimbi hugonga kuta na kurudi, zinasaidia kweli. Kwa njia za Elgon zilizo wazi, tumia hela hizo kununua koti la mvua.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia ni hili: ramani za zamani za Uganda, zile za karatasi za 1:50,000, zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali kwenye ramani, na GPS hutoka dukani ikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS84. Usipobadilisha kwenye mipangilio, unakosea karibu mita 300. Kwenye ukungu, hilo ni bonde jingine kabisa. Kwa hiyo hakikisha kifaa kina Arc 1960 kwenye orodha yake. Na ukienda Rwenzori ukisoma namba za UTM, ule mfumo wa kutaja mahali kwa mita unaoigawa dunia kwa kanda, usishtuke zikiruka ghafla: mji wa Kasese uko kanda ya 36, kilele cha Margherita kiko kanda ya 35.

Ukiwa dukani, vaa glavu, nyunyizia skrini maji kidogo, kisha toka nayo nje hadi chini ya mwembe uone inachukua muda gani kukupata. Muuzaji atakutazama kama umerukwa na akili. Mwache atazame.