"Haramu" ni kosa au ni mtu?

Swali: Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii huku Sengerema. Kila tukisoma habari ya "wahamiaji haramu" waliokamatwa, simu zinaingia za watu kuwataja majirani zao. Wakili, chuki hii inaletwa na sisi au na sheria?

Jibu: Ndugu mtangazaji, ni nyote wawili, ila sheria ndiyo huanza. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ina kundi la mhamiaji aliyepigwa marufuku. Marufuku hiyo inahusu ruhusa ya kuingia na kukaa nchini, basi. Jina hilo likifika hewani linakuwa "haramu", neno ambalo msikilizaji wako analijua kwa mali ya wizi na mtoto wa nje ya ndoa. Kosa la kukosa kibali linageuka doa la mtu mwenyewe, na doa halikatiwi rufaa.

Nilimtetea mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Kwao ni Ngara, humu humu nchini mpakani na Burundi, na Kihangaza, lugha yake ya huko, kinakaribiana sana na Kirundi. Kulikuwa na msako, redio imeutangaza tangu asubuhi, na mteja wake wa miaka mingi ndiye aliyemnyooshea kidole. Alilala mahabusu siku mbili, dagaa wake wakanyeshewa kwenye chanja. Alipotoka aliniambia kinachomuuma si mahabusu, ni yule mteja.

Sheria inaweza kufunga mlango, inaweza pia kuufungua. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, msako wa serikali wa wahamiaji wasio na kibali, iliwaondoa hata watu walioishi Kagera, Geita na Kigoma miaka mingi. Mwaka uliofuata, Warundi zaidi ya 162,000 waliokimbilia huku tangu 1972 walipewa uraia. Je, habari hii ya pili mliisoma mara ngapi?

Kwa hiyo andikeni hivi: "Watu kumi wanatuhumiwa kuingia nchini bila kibali." Neno "wanatuhumiwa" ni la lazima, kwa kuwa Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Ulizeni kama kuna walioomba hifadhi, maana hao wanaangukia Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Uraia wa mtu msiukisie kwa lafudhi wala kwa pua.

Na msikilizaji akianza kutaja jina la jirani yake hewani, kata simu hapo hapo, hata kama ni mdau wa kipindi.