Maswali ya Wasomaji: Mbona Ghetto "Mpya" Ndiyo ya Kwanza?

SWALI: Mtaa wa Wayahudi wa Venice una Ghetto Nuovo, yaani Mpya, na Ghetto Vecchio, yaani Kuukuu. Lakini nasoma kwamba Wayahudi walianzia ile Mpya. Nani kakosea? Na masinagogi yake mbona hayaonekani kwa nje?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Majina hayo ni ya kiwanda. Hapo Cannaregio, wilaya ya Venice, palisubiwa shaba, na mahali pa kusubu paliitwa geto. Kiwanda cha awali ni Vecchio. Kisiwa kilichoongezwa baadaye ni Nuovo. Tarehe 29 Machi 1516 Seneti iliwaamuru Wayahudi wakae Nuovo, kisha Vecchio ikaunganishwa 1541 kwa ajili ya wafanyabiashara kutoka milki ya Uturuki. Sehemu ya tatu, Novissimo, yaani Mpya Kabisa, ya 1633, haikuwahi kuwa na tanuri hata moja. Kufikia hapo neno lilikwishageuka kuwa jina la mtaa wa Wayahudi.

Masinagogi yapo matano, na matatu ya Nuovo yamo ghorofani, juu ya nyumba za watu. Kisiwa hakitanuki, Wayahudi hawakuruhusiwa kumiliki majengo, na walipoingia kodi ya pango ilipandishwa theluthi moja. Basi nyumba ziliongezwa kwenda juu hadi ghorofa saba au zaidi, huku dari zikishushwa. Ukumbi wa sala uliwekwa kileleni kwa sababu haifai watu waishi juu yake.

Kuyatambua, simama katikati ya uwanja wa Nuovo uinue macho. Madirisha matano makubwa ya tao, yaliyopangwa safu moja, ni ya Scola Grande Tedesca (scola ni sinagogi kwa Kivenisi) ya 1528. Matano kwa vitabu vitano vya Torati. Kikuba kidogo cha mbao kinachochomoza jirani yake ni cha Scola Canton. Wengi huishia kupiga picha za milango ya chini wakaondoka bila kuona kitu. Wengine hufika Jumamosi, siku ya Sabato, wakakuta makumbusho ya Kiyahudi ya hapo yamefungwa. Scola Levantina na Spagnola, huko Vecchio, ni majengo makubwa yanayojitegemea, hayana haja ya kutafutwa.

Ukiingia kwa njia ya chini ya jengo kutoka mfereji wa Cannaregio, kagua nguzo za mawe pembeni. Matundu yale ni ya bawaba za lango. Lilifungwa kila usiku, walinzi Wakristo wakilipwa na Wayahudi wenyewe waliofungiwa ndani, mpaka Julai 1797 jeshi la Ufaransa lilipokwishaingia na malango yakang'olewa yakachomwa moto.