Jicho linaonja kabla ya ulimi

Mkuu, umeuliza kama waonjaji wa mvinyo wanatudanganya wanaposema wanasikia harufu ya cheri kwenye glasi. Mara nyingi wao ndio wanaodanganywa, na macho yao wenyewe.

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uleule katika glasi mbili, moja ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ile yenye rangi wakaieleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na hawa wanasomea kazi hiyo!

Ulimi peke yake hutambua machache: utamu, uchachu, uchungu, chumvi na umami, yaani ladha kama ya mchuzi wa nyama. Ukakasi wa mvinyo mwekundu ni mguso tu. Mengine karibu yote tunayoita ladha ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya koo. Bana pua unywe juisi ya embe, utaona kinachobaki. Sasa, ubongo haungoji ushahidi wote ufike. Jicho likishaona wekundu, unaanza kubashiri, na pua inafuata ubashiri huo.

Bei nayo inachangia. Katika utafiti wa California wa 2008, mvinyo uleule uliwapendeza watu zaidi ulipotajwa kuwa wa dola 90 kuliko dola 10, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Kwa hiyo hawakuwa wanaigiza.