Saruji ya Mgombea, Kadhi na Dua ya Bunge

Mama Hakimu, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo aliyefanya kazi Ujiji, Kasulu na Tabora, anajibu barua za wasomaji.

*Shikamoo Mama Hakimu. Mimi ni mwenyekiti wa kigango kimoja huku Kigoma vijijini. Kanisa letu limeishia kwenye linta. Jumapili moja alikuja kijana anayeutaka udiwani, akatushushia mifuko 40 ya saruji, na wakati wa matangazo akaomba "kusalimia". Katekista akampisha. Akasalimia robo saa nzima. Sasa kamati imegawanyika. Mimi nasema dini na siasa zisichanganywe. Katekista ananijibu: mbona Agosti 2023 tamko la maaskofu kuhusu bandari lilisomwa humu humu kanisani? Nani yuko sahihi? Mwenyekiti, Kigoma.*

Marahaba, mwenyekiti. Nianze na katekista wako, maana hoja anayo, na wewe umeikimbia.

Katiba yetu, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Haisemi popote kwamba askofu au shehe akishavaa kanzu amepoteza ulimi. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na askofu ni mtu. Maaskofu wa TEC, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, walipoupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai waliweka majina yao, wakaiambia serikali wanachokiona, na serikali ikawajibu. Hawakumpigia debe mgombea yeyote. Waraka wa Pasaka wa maaskofu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, wa mwaka 2018 nao ulikuwa hivyo hivyo: watu wazima wanasema na wenye mamlaka, mchana kweupe. Mimi ni Mkatoliki, na mistari kadhaa ya lile tamko la bandari sikukubaliana nayo. Nilisema hivyo kwenye jumuiya yetu, na hakuna aliyeninyima komunyo.

Kwa hiyo ule msemo wako, mwenyekiti, kwamba dini na siasa zisichanganywe, ni mpana mno. Ukiushika wote, itabidi umnyamazishe hata padri anayekemea rushwa ya zahanati.

Lakini katekista naye asishangilie. Kijana wa saruji hakuja kuambia serikali kitu. Alikuja kuitafuta serikali, na amewakuta watu waliokuja kusali, ambao hawawezi kuinuka na kuondoka kama wanavyoondoka kwenye mkutano wa hadhara pale mnadani. Amewanunua kwa mifuko 40 bila wao kuulizwa. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaitazama zawadi ya mtaka kura kwa jicho la rushwa, hata akiwa bado anagombania kuteuliwa ndani ya chama chake. Mshindani wake akija Jumapili ijayo na bati, mtamnyima robo saa yake kwa sababu gani? Na akishinda huyo wa saruji, halafu barabara ya kwenu ikafa, nani kati yenu atasimama kumkemea akiwa amekaa chini ya ukuta wake mwenyewe?

Fanyeni hivi. Kamati ikae, iandike muhtasari, mmpelekee paroko nakala. Saruji irudishwe kwa barua, na aliyeipokea atie saini. Kama imeshatumika, pimeni thamani yake, mmrudishie fedha kwa awamu, nako mwandikiane. Mkiona kuna vitisho, ofisi ya TAKUKURU, ya kuzuia rushwa, ipo. Ila msichelewe kuamua: masika yakiwakuta mnabishana, mtakuwa na mawe 40.

*Asalaam aleikum Mama. Mimi ni fundi simu, Ujiji. Tunaambiwa serikali haina dini ndiyo maana Mahakama ya Kadhi, ya kuamua ndoa na mirathi za Waislamu, haiwezekani. Lakini serikali hiyo hiyo inapeleka watumishi na fedha kwenye hospitali za makanisa. Haina dini kwa Waislamu tu? Fundi, Ujiji.*

Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako limeulizwa vijiweni hapo Ujiji tangu hujazaliwa, na wakubwa wengi hulijibu kwa kukohoa. Mimi nitajaribu.

La hospitali kwanza. Mwaka 1992 serikali ilisaini hati ya makubaliano na makanisa, kupitia CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) na TEC, kuhusu huduma za afya na elimu. Serikali ilikuwa haina fedha ya kujenga hospitali kila wilaya, na wamisionari walikuwa wameshazijenga. Kabanga na Heri huko kwenu, Ndala na Nkinga huku kwetu, zote ni za makanisa, na sijasikia mjamzito akiulizwa kipaimara mlangoni. Serikali ikimlipa muuguzi wa Nkinga inalipia sindano. Hapo sioni dini.

Ila usiniondokee. Makubaliano yale yalifanywa na upande mmoja, na Waislamu walioyalalamikia hawakuwa wachochezi. Wakati wa Rais Mkapa serikali ilitoa majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO Morogoro, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kikaanza pale. Ni jambo jema. Lakini mizani iliyokaa hivyo miaka mingi hailinganishwi na chuo kimoja, na ningekuwa mimi serikalini, ningeyaweka makubaliano ya namna hii wazi kwa kila taasisi ya dini yenye zahanati inayofanya kazi.

Sasa kadhi. Wengi hawajui kwamba sheria ya mirathi ya Kiislamu inatumika Tanzania Bara kila siku, tena kwenye mahakama ya serikali. Nimeitumia mimi, mwenye rozari mkobani. Nikiwa Ujiji aliletwa mjane wa mvuvi. Marehemu aliacha nyumba, mtumbwi, nyavu na karabai, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Ndugu wa marehemu walidai mirathi iende kimila, kwa sababu kwa mila ya upande wa baba, ile iliyoandikwa na serikali mwaka 1963, mjane mwenye watoto hana fungu. Atatunzwa na wanawe. Mjane akasema: mume wangu alikuwa Muislamu, nataka haki yangu ya Kiislamu.

Hapo hakimu hachagui sheria anayoipenda. Anauliza marehemu aliishi vipi. Alioaje, aliswali wapi, watoto aliwapa majina gani, aliwasomesha madrasa au hakuwasomesha, na je, aliwahi kutamka anataka mali yake igawiwe vipi? Majirani walitoa ushahidi kutwa nzima, mmoja wao akitueleza zaidi deni lake la dagaa kuliko swala za marehemu. Nikaamua ni Uislamu. Mzee wa baraza mmoja, mshauri wa hakimu mahakamani, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, akapiga hesabu kwa kidole mezani: mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki kigawiwe watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mafungu 40. Mama 5, kila kijana 14, binti 7. Nikaandika hukumu, nikagonga muhuri wenye nembo ya Taifa.

Nakueleza haya ili uone kwamba wanaosema kadhi ataiingiza sheria ya Kiislamu mahakamani hawajawahi kukaa mahakamani. Imo siku nyingi. Malalamiko yenye nguvu ni mengine: je, ni sawa hakimu kama mimi, ambaye fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, nimeisoma kwenye mwongozo wa kazi, nimwamulie Muislamu ndoa na mirathi? Bila yule mzee wa baraza ningekosea. Hilo nakupa wewe.

CCM iliahidi kulishughulikia suala la kadhi katika ilani ya 2005. Mwaka 2015 likafika Bungeni kwa njia ya muswada, kisha muswada ukaondolewa. Zanzibar wana mahakama hiyo, na Kenya imeiweka kwenye Katiba yake ya 2010 bila kuwa nchi ya Kiislamu. Kwa hiyo ukiambiwa haiwezekani kabisa, anayekwambia hajatazama hata ng'ambo ya mpaka.

Ninachokiogopa mimi ni mshahara. Kadhi akilipwa na Hazina, atateuliwa na nani? Ataondolewa na nani? Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu iliyoitwa EAMWS ilipigwa marufuku, BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaanzishwa, na hadi leo wapo wazee Ujiji wanaoamini serikali iliwachagulia wawakilishi. Watu waliokaa na uchungu huo, leo wataikabidhi serikali hiyo hiyo kalamu ya kumteua kadhi wao? Ibara ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mnasoma ibara ile kama kufuli mlilofungiwa nje. Mimi naisoma kama kufuli la mlango wenu, na ufunguo mnao nyinyi.

Ningependa zaidi hivi: kadhi alipwe na Waislamu wenyewe, ateuliwe nao, na wanaokwenda kwake waende kwa hiari, halafu mgawanyo wake wa mirathi, pande zote zikikubali, upelekwe mahakama ya mwanzo usajiliwe ili uwe na nguvu. Mlango mdogo wa aina hiyo upo tayari: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua bodi za usuluhishi za dini, na cheti chao nilikipokea mezani kwangu kabla sijasikiliza shauri la talaka, kiwe kimetoka BAKWATA au kanisani. Najua shehe mmoja rafiki yangu wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora ataniambia hiyo ni nusu mkate. Tumeshabishana sana. Kahawa hulipa yeye.

*Shikamoo Mama. Mwalimu wa uraia ametufundisha kwamba nchi haina dini. Mbona Bunge linaanza kwa dua na wimbo wa Taifa unaanza na Mungu? Mwanafunzi, Urambo.*

Marahaba, mjukuu wangu. Kwa sababu nchi yetu haikukusudia kuwafanya watu wake wasimtaje Mungu. Ilikusudia kutomtambua yeyote kwa dini yake inapogawa haki. Ndiyo maana swali la dini halijarudi kwenye sensa tangu ile ya 1967, na ibara ya 20 inakataza kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani. Ile dua ya Bunge haimtaji Yesu wala Mtume, ichunguze. Nchi nyingine zimekata kwa namna zao. Ufaransa ilitenganisha makanisa na dola kwa sheria ya 1905. Uingereza mfalme ni mkuu wa Kanisa la Anglikana na maaskofu 26 wana viti bungeni, na hata hivyo mtaani makanisa mengi yana nafasi tele. Na asiyetaka kuapa kwa dini yoyote mahakamani, kwetu anaruhusiwa kuthibitisha tu. Nimewapokea hivyo wengi, na uongo wao ulikuwa sawasawa na wa walioshika kitabu.